Kutoka Mkono hadi Futikamba: Historia ya Kupimwa Nguo katika Mwambao wa Tanga

Neno pima katika Kiswahili lina sura mbili. Likiwa kitenzi, ni tendo la kutafuta kadiri ya kitu: uzito wake, urefu wake, au kina chake. Likiwa nomino, pima ni urefu maalumu, nao ni ule wa mtu mzima aliyenyoosha mikono yote miwili, kuanzia ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Wavuvi wa Tanga na Pangani wanaijua vyema pima hiyo, kwani ndiyo wanayopimia kina cha bahari na urefu wa kamba. Basi katika lugha yetu kipimo, kabla hakijawa chombo cha kununuliwa dukani, kilikuwa ni mwili wa binadamu.

Makala haya yanakusudia kuifuata safari ya kipimo hicho katika mwambao wa kaskazini ya Tanzania, tangu zama ambazo mwili ulikuwa ukiipima nguo, hadi zama hizi ambapo nguo ndiyo inayoupima mwili. Kielelezo chetu ni shati la kiume la mikono mirefu, lenye ukosi na vifungo, ambalo mtu hulivaa aendapo kazini, harusini au mbele ya wakubwa. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini historia ya watu haikai katika mapigano na mikataba peke yake. Aghalabu hukaa pia begani, shingoni na kwenye kifundo cha mkono.

Mwili ulipokuwa kipimo

Wazee wa pwani walikuwa na ngazi kamili ya vipimo. Chini kabisa ulikuwa wanda, yaani upana wa kidole. Ukiupita wanda unafika futuri, ambayo ni urefu wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada vikiwa vimetanuliwa. Kisha shibiri, ambayo ni gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri mbili hufanya mkono mmoja, au dhiraa kwa wenye kupenda msamiati wa Kiarabu, nao ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Tena dhiraa ilikuwa na namna mbili: dhiraa kamili, ya vidole vilivyonyooshwa, na dhiraa konde, ya ngumi iliyofumbwa. Mikono miwili ni wari moja, na wari mbili ni pima.

Nguo ya biashara iliipanda ngazi hiyo hiyo. Mikono minne ya kitambaa, yaani pima moja, ni shuka. Shuka mbili ni doti. Na doti kadha wa kadha zilizokunjwa pamoja kama zilivyotoka kiwandani ni jora. Katika karne ya kumi na tisa majora hayo yalifika kwetu kwa wingi kupitia Unguja. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kufikia mwaka 1837 ilikuwa na balozi wake mdogo Unguja, mfanyabiashara wa mji wa Salem. Pamba nyeupe iliyofumwa katika viwanda vya New England ikapata jina la merikani, nayo ikawa ni nguo na ni fedha kwa wakati mmoja. Kaniki nyeusi ilitoka Bara Hindi. Burton na Speke walipozuru Tanga na Pangani mwanzoni mwa mwaka 1857, wakapanda hadi Fuga kwa Kimweri, walikuta mwambao ambao mshahara, hongo na mahari vyote vinaweza kuhesabiwa kwa shuka na doti.

Pangani ndiyo iliyokuwa mlango wa misafara ya Usambara, Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Wapagazi walitoka hapo na mizigo ya nguo iliyofungwa imara, na mzigo mmoja wa namna hiyo uliitwa mtumba. Naomba msomaji alihifadhi neno hilo, maana tutalikuta tena mbele ya safari likiwa limebeba maana nyingine.

Katika biashara hiyo palikuwa na swali moja lisilokwisha: mkono ni wa nani? Mwenye duka mfupi akipima kwa mkono wake, mnunuzi anapunjwa. Mnunuzi akija na ndugu yake mrefu, mwenye duka ndiye anayepunjika. Hata hivyo, katika ubishi huo palikuwa na usawa fulani. Kipimo kilikuwa mbele ya macho ya wote wawili, kikiwa na damu na mishipa, na kila mtu alikuwa nacho chake. Hapakuwa na fukara wa kipimo.

Kanzu na uungwana

Shuka haikatwi; huzungushwa kiunoni ikakaa. Kanzu hukatwa, lakini hukatwa kwa huruma. Tazama majina ya sehemu zake, ambayo washoni wa pwani walirithishana: badani ni kile kipande kikuu cha mbele na cha nyuma; taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipanua kanzu kadiri inavyoshuka; vikwapa ni vipande vidogo vya chini ya kwapa vinavyomwezesha mtu kunyanyua mkono bila ya kupasua mshono; kaba ni bitana ya shingoni; lisani ni ulimi wa kitambaa ulio chini ya mpasuko wa kifuani; sijafu ni pindo la ndani la mkono. Kila jina hapo ni jawabu la tatizo la mwili. Taharizi ni jawabu la hatua ndefu, na kikwapa ni jawabu la mkono unaotaka kupiga kasia au kuinuliwa kwa dua.

Kanzu ilihitaji vipimo vichache tu: urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu, upana wa mabega, na urefu wa mkono. Kifua na tumbo havikusumbua mtu. Mwenye kunenepa mwaka huu na kukonda mwaka ujao alibaki na kanzu ile ile. Ilikuwa ni nguo yenye kusamehe.

Lakini haikuwa nguo ya kila mtu. Katika miji ya Mrima mavazi yalikuwa ni daftari la hadhi lililo wazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, alionyesha jinsi mambo ya adabu, ngoma, ndoa na utumwa yalivyofungamana. Kofia na viatu vilikuwa ni dalili ya uungwana, na mtumwa hakutarajiwa kuvivaa mbele ya bwana wake. Aliyelima mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani alikuwa na kipande cha nguo cha kujisitiri tu, tena mara nyingi kilichochaguliwa na mwingine. Utumwa haukufutwa kabisa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Basi kwa mtu aliyetoka katika hali hiyo, siku aliyosimama mbele ya mshoni akaambiwa "nyoosha mkono nikupime" haikuwa siku ya kawaida. Kwa mara ya kwanza nguo ilikuwa inaufuata mwili wake, si mwili wake unaofuata nguo ya kupewa. Chambilecho wahenga, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Karani na ukosi wake

Mwaka 1888 Wajerumani waliingia Pangani kwa nguvu, na upinzani uliowaka ulizimwa kwa silaha. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhry, mshairi wa Tanga, aliitungia vita hiyo utenzi, na ni kwa kalamu yake kwamba sisi tunaisikia sauti ya watu wa Mrima katika msiba ule.

Baada ya bunduki ikaja kalamu. Shule ya serikali ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, nayo ikatoa makarani, walimu na maakida waliopelekwa sehemu nyingi za koloni. Gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa Tanga mwaka 1904. Reli ilianza kujengwa kutoka bandarini Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyonusurika, na hiyo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache ukachipuka uchumi mzima wa mkoa: mashamba, mishahara, maduka, na watu waliokuja kutoka kila upande wa nchi. Mwenye mshahara hununua kitambaa, na penye kitambaa hapakosi fundi.

Hapo ndipo mlio wa cherehani ulipoenea katika mabaraza ya Tanga. Jina lenyewe huhusishwa na neno la Kiajemi charkh, lenye maana ya gurudumu, na kwa hakika gurudumu ndilo roho ya mashine hiyo. Washoni wa Kihindi walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Kwa Kigujarati mshoni huitwa darji, na sikio la msomaji wa pwani halitachelewa kukumbuka darizi yetu. Vijana wa Kidigo, Kibondei, Kisegeju na wengineo wakajifunza, wengine kwa kuanzia kushona vifungo na kupiga pasi ya mkaa.

Makarani wa mwanzo walivaa kanzu nyeupe, na baadhi yao wakaongeza koti juu yake. Shati na suruali viliingia taratibu, na njia mojawapo ya kuingilia ilikuwa ni ngoma. Beni, ngoma ya matarumbeta na gwaride iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilishika Tanga kwa nguvu. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa madaraja, kwa vyeo vya kijeshi na kwa mavazi. Jina la Marini lilikumbusha jeshi la majini, na wafuasi wake walijinasibisha na utanashati. Wageni walicheka wakidhani ni uigaji mtupu. La hasha! Katika uwanja wa ngoma kijana alivaa sare aliyoilipia mwenyewe, iliyoshonwa kwa vipimo vyake mwenyewe, na akachukua cheo ambacho serikali isingempa kamwe.

Shati hilo lilikuja na sheria ngeni. Kanzu huanzia begani ikateremka. Shati huanzia shingoni, na shingo haisamehe. Ukosi ukizidi nusu inchi unaelea kama wa kuazima. Ukipungua nusu inchi unamkaba mtu. Kwa mara ya kwanza mwili wa mwanamume wa pwani ulitakiwa utoe tarakimu: shingo 15 na nusu, kifua 38, mkono 33. Na tarakimu hizo hazikutoka tena katika mkono wa mnunuzi wala wa muuzaji. Zilitoka katika futikamba, ule utepe laini wenye inchi 60, ambao hata huko Ulaya ulienea mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa tu. Kabla ya hapo washoni wao walimpima kila mteja kwa ukanda wa karatasi uliotiwa alama za mkasi, ukanda mmoja kwa mtu mmoja. Ubishi wa mkono mrefu na mkono mfupi ukaisha. Ila ikaisha pia ile hali ya kila mtu kuwa na kipimo chake mwilini.

Mshairi kati ya wapimaji

Haiwezekani kuzungumzia Tanga na vipimo bila ya kumtaja Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, jirani na mji wa Tanga. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani wa forodha, akaishikilia hadi mwaka 1944, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Forodha ya pwani ni mahali pa kuhesabu na kupima, na nguo zilikuwa ni miongoni mwa bidhaa kubwa zilizopita humo. Miaka yake ya mwisho ya utumishi, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, aliitumia katika ofisi ya upimaji wa ardhi, Tanga. Alifariki mwaka 1962.

Yaani mtu huyu, ambaye wengi wetu tunamjua kwa vina na mizani, alikula mkate wake kwa miaka mingi katika nyumba za vipimo. Mchana vipimo vya serikali, usiku mizani ya shairi. Nao mkusanyo wake mmoja wa mashairi, uliotoka mwaka 1948, aliupa jina la Pambo la Lugha. Hatuna haja ya kulazimisha maana ili kuona kwamba kwake yeye usemi nao ulikuwa na umbo linalostahiki kuvikwa vizuri. Mizani ya ushairi wetu ni kama vipimo vya nguo: haikuwekwa ili imbane mtungaji, bali ili maneno yakae mahali pake na mwenye kusikia asione mshono.

Daftari la fundi

Miaka ya 1950 na 1960 ndiyo iliyokuwa enzi ya fundi cherehani. Mkonge ulikuwa unalipa. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wa Tanga. Bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilipanda jukwaani, na jukwaa lilitaka sare. Katika barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa nambari, mabaraza yalijaa vyerehani.

Kila fundi wa kuaminika alikuwa na daftari. Mteja hukaribia baraza na maneno yake ya adabu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Simama kama unavyosimama siku zote. Usijikaze, na wala usivute tumbo."

Futikamba hutoka shingoni mwa fundi na kuzungushwa shingoni mwa mteja. Tarakimu hutajwa kwa sauti, mwanafunzi huziandika: shingo, bega, kifua, tumbo, mkono, kifundo, urefu. Kisha jina la mteja, na kipande kidogo cha kitambaa hubandikwa pembeni kwa pini ili kisije kikachanganywa na cha mwingine. Ukurasa ule ulikuwa ni siri ya watu wawili. Fundi alijua bega lako lipi limeshuka kwa kubebea mizigo. Alijua kwamba mkono wako wa kulia umezidi wa kushoto kwa wanda moja. Alijua, kabla ya mkeo, kwamba umeanza kukonda. Na fundi muungwana hakuyasema hayo barazani. Aliliinua bega moja kwa mshono, akaliacha jingine, nawe ukatoka umenyooka. Sitara, ambayo ndiyo maana ya kwanza ya nguo, ilianzia katika daftari.

Si kwamba watu waliachiwa wapimane kwa amani siku zote. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, ikikataza miongoni mwa mengine sketi fupi na suruali za kubana. Siasa nayo ilishika futikamba. Hoja ya kulinda utamaduni ilikuwa na wenye kuiunga mkono kwa dhati, lakini msomaji wa historia atakumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza katika mwambao huu kwa mwenye nguvu kumwambia mwingine nguo yake iishie wapi.

Kurudi kwa mtumba

Baadaye bei ya mkonge iliporomoka kwa kushindana na nyuzi za viwandani, na mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakadorora. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 40,000. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 kitambaa kilikuwa adimu, watu walipanga foleni kukingojea, na fundi alikaa na cherehani yake bila ya kazi. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985, milango ikafunguka zaidi. Mlangoni hapo ukaingia mtumba.

Neno ni lile lile la wapagazi wa Pangani, mzigo wa nguo uliofungwa. Lakini mtumba wa zamani ulibeba jora lisilokatwa, lililokuwa likingoja mkono wa kulipima. Mtumba wa sasa umebeba nguo zilizokwisha kukatwa, kushonwa na kuvaliwa, zikiwa na kipimo cha mtu mwingine ndani ya ukosi: S, M, L, au 15 na nusu.

Na alama hizo nazo zina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao. Vita ile ilikata pamba, na merikani ikaadimika Unguja na Mrima. Nguo za viwanda vya Bombay na Uingereza zikachukua nafasi yake, na hata baada ya vita kumalizika mwaka 1865 merikani haikurudisha enzi yake yote. Lakini vita hiyo hiyo ilihitaji sare kwa maelfu kwa maelfu ya askari, kwa haraka isiyoruhusu kila mmoja kupimwa na mshoni wake. Vipimo vya askari vikakusanywa, ikaonekana kwamba vifua na mabega ya watu huja kwa makundi, na makundi hayo yakawa ni mojawapo ya misingi ya nguo za kiume zilizo tayari. Basi vita moja ilituondolea jora, na ikapanda mbegu ya alama ambazo zaidi ya miaka mia moja baadaye tulizikuta ndani ya belo.

Haitakuwa haki kuulaani mtumba. Umewavisha watu wengi kwa heshima na kwa bei nafuu, na umewapa wengi riziki, wakiwemo mafundi wenyewe, ambao siku hizi hupunguza mashati ya watu wa mbali yakawaenea watu wa karibu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia mwaka 2016 kuuondoa kwa hatua, kisha nyingi zikarudi nyuma kwa kuhofia kupoteza nafuu ya kuuza Marekani. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu hiyo upande wa nguo mwaka 2018. Mzani wa jambo hili haukuwa mkononi mwetu peke yetu. Lililopotea kimya kimya ni jingine: mwanamume wa leo anajua kwamba yeye ni "L", lakini hajui bega lake.

Kujipima

Na kulijua bega si kazi ngumu. Mafundi wetu wangali wakihesabu kwa inchi, ingawa nchi ilihamia mita tangu zamani, na futikamba ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Inchi moja ni sentimita 2.54. Yafuatayo ndiyo waliyokuwa wakiyafanya.

Shingo hupimwa pale ukosi unapokaa, si juu yake, na vidole viwili hutiwa ndani ya utepe ili mtu apate kumeza mate na kucheka. Bega hupimwa mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ncha ya mfupa wa bega la pili. Kifua huzungushwa chini ya makwapa mahali palipojaa zaidi, mikono ikiwa imeshushwa na pumzi ikiwa ya kawaida. Tumbo hupimwa lilivyo, si lilivyokuwa. Mkono huanzia katikati ya shina la shingo, ukapita juu ya bega na kiwiko kilichopinda kidogo, ukaishia kwenye kifundo. Urefu huanzia shina la shingo na kuteremka mgongoni hadi pale shati litakapoishia, likumbukwe kama litachomekwa au litaachwa nje.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Kipimo cha mwili si kipimo cha shati. Mwenye kifua cha inchi 38 akishonewa shati la inchi 38 hataweza kukaa nalo kitini. Fundi huongeza nafasi, kwa desturi kama inchi 4 kifuani kwa shati la kawaida, na pungufu ya hapo kwa anayependa la kubana. Nafasi hiyo ndiyo warithi wa taharizi na vikwapa: ni ule msamaha wa kanzu uliobaki ndani ya shati.

Na mtu hawezi kujipima bega lake mwenyewe. Akinyanyua mkono kuushika utepe, bega limekwisha kuhama. Ni lazima pawe na mwenziwe. Asiye na mwenziwe ana hila moja ya zamani: achukue shati lake linalomkaa vizuri kuliko yote, alifunge vifungo, alilaze juu ya meza bila ya kulivuta, alipime kutoka kwapa hadi kwapa kisha azidishe mara mbili. Atakuwa amepima kazi ya fundi aliyempima kabla.

Vijana wa Tanga leo huagiza mashati kwa simu, na simu huwauliza shingo na kifua. Wapo wanaobahatisha, na wapo wanaosogea hadi barazani kwa mzee aliyebaki, wakamwomba awapime tu bila ya kushona. Mzee hucheka, hutoa futikamba shingoni, na huwapima. Wafanye hivyo madhali yupo, na wamwombe aziandike tarakimu hizo kwa mkono wake. Pana watu katika mwambao huu ambao babu zao walivishwa na wengine, wakakatazwa na wengine, wakahesabiwa na wengine. Karatasi ndogo yenye jina lako na mabega yako, iliyoandikwa na mtu aliyekutazama vizuri kabla ya kushika mkasi, si urithi wa kudharau.